Mgeni Anayekuomba Umfunge Mbwa

Wanangu, sikalii kiti hiki kwa sababu najua kuliko ninyi. Ninyi mmekua simu ikiwa mkononi. Mimi kompyuta ya kwanza niliiona nikiwa karani wa hesabu hapa Tanga, ndevu zimeshaota, na disketi zake zilikuwa pana kama kisahani cha chai. Nakalia kiti hiki kwa sababu moja tu: mimi nimeshaibiwa, na wengi wenu bado. Au mmeshaibiwa, ila hamjajua.

Ilikuwa hivi. Baada ya kustaafu nilikuwa nikichapa mihutasari ya vikao na kutunza hesabu za vikundi viwili vya kuweka na kukopa. Nikahitaji programu ya kuhariri mafaili ya PDF. Ile halali ilidai malipo ya dola kila mwezi, na mzee wa pensheni hana kadi ya dola. Kijana mmoja wa mtaani, mtoto mwema kabisa, akaniletea kwenye flashi ile mnayoiita kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la malipo. Ndani ya folda palikuwa na faili dogo la maelekezo. Mstari wake wa kwanza ulisema: zima antivirasi kabla hujaendelea, maana itaidhania programu hii kuwa ni kirusi.

Nikazima.

Hebu lipimeni jambo hilo. Mgeni msiyemjua amebisha hodi usiku, anasema akiwa bado nje: kabla sijaingia nifungieni mbwa, maana mbwa wenu ana tabia ya kunidhania mwizi. Nani kati yenu angemfunga? Mimi nilimfunga kwa mikono yangu, kisha nikampikia mgeni chai.

Na programu ilifanya kazi. Hapo ndipo pa kutega sikio. Ilifungua mafaili, ikayakata, ikayaunganisha, ikaweka saini. Wiki tatu nilikuwa namsifu yule kijana kwa kila aliyepita barazani. Ijumaa moja, natoka msikitini, akanipigia mwenzangu wa zamani wa kazini, sauti imejaa huruma: "Mzee mwenzangu, umelazwa hospitali gani?" Barua pepe ilikuwa imetoka kwenye anwani yangu, kwa jina langu, kwenda kwa kila niliyewahi kuandikiana naye, ikiomba fedha za matibabu. Wawili walituma. Nywila zote nilizokiruhusu kivinjari kinikumbukie zilikuwa zimechukuliwa, na fundi aliyenisaidia alinieleza kwamba programu za namna ile hazingoji wiki tatu: hukomba nywila dakika zilezile za mwanzo, kisha mwizi akajipangia siku ya kuzitumia.

Tangu hapo nimeacha swali ambalo kila mtu hujiuliza akishaweka programu mpya, yaani, "Inafanya kazi?" Mwizi mwenye akili hukuletea kitu kinachofanya kazi. Swali langu siku hizi ni, "Na kingine inachokifanya ni kipi?"

Wala msidhani huu ni ujanja wa juzi. Desemba 1989, watu wa nchi nyingi walipokea bahasha zilizopostiwa London. Ndani mlikuwa na disketi iliyodai kuwa na taarifa kuhusu UKIMWI. Zilitumwa takribani 20,000, baadhi yake kwa watu waliokuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo. Wenye umri wangu wanakumbuka hofu ya miaka ile. Disketi ilikuuliza maswali juu ya mwenendo wako, ikapima hatari uliyo nayo, ikakupa ushauri. Ilitimiza ahadi. Lakini chinichini ilikuwa inahesabu: kila ukiwasha kompyuta, inaongeza moja. Ilipofika kama mara ya 90, ikaficha mafolda, ikavuruga majina ya mafaili, ikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyekamatwa kwa kosa hilo alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani ambaye aliwahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Kesi haikufika hukumuni, kwa kuwa mahakama ya Uingereza iliona hali ya akili yake haimruhusu kushtakiwa.

Mara 90. Kwa karani anayewasha kompyuta kila siku ya kazi, hiyo ni zaidi ya miezi minne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu ukimpa jembe analima, tena analima vizuri, na ndiyo maana humtilii shaka. Na kuna jingine. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na karatasi ya masharti, nayo ilionya bayana kwamba asiyelipa, programu itadhuru kazi zake nyingine. Wengi hawakuisoma. Ninyi je, mara ya mwisho mlisoma nini kabla ya kubonyeza "nakubali"?

Basi ukaguzi huanza mgeni akiwa bado nje ya kizingiti.

Muulizeni ametoka wapi. Mkiandika jina la programu kwenye Google, jibu la kwanza kabisa mara nyingi ni tangazo, na tangazo hulipiwa na yeyote mwenye fedha, hata tapeli. Wapo waliotengeneza kurasa zinazofanana na za wenyewe mpaka nembo, tofauti ikawa ni herufi moja tu katika anwani. Kwa hiyo isomeni anwani herufi kwa herufi, kama mnavyosoma namba ya simu kabla ya kutuma fedha. Pakueni kwa mwenye programu, au kwenye duka rasmi la mfumo wa kompyuta yenu. Mkiletewa na rafiki kwenye flashi, urafiki wenu hausafishi kilichomo. Yule kijana wangu alikuwa mwema na flashi yake ilikuwa na sumu. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Angalieni na vazi lake. Windows, ikiachwa ilivyo, huficha mkia wa jina la faili. Mtu anakuletea "Ankara.pdf", kumbe jina kamili ni "Ankara.pdf.exe", na herufi tatu za mwisho ndizo zinazosema huyu si karatasi ya kusomwa, ni mtu wa kutenda. Iamuruni kompyuta ioneshe mikia ya majina yote. Ni kazi ya nusu dakika na mtaifanya mara moja tu. Na mkikuta faili limefungwa ndani ya zipu yenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa pembeni, jiulizeni: kufuli gani hili ambalo ufunguo wake umening'inizwa mlangoni? Halikuwekwa kumzuia mtu. Limewekwa ili antivirasi isiweze kuchungulia ndani.

Kisha mdaini kitambulisho. Programu za watu wanaojiheshimu huwa na saini ya kidijitali. Bonyezeni faili kwa kitufe cha kulia, mfungue sifa zake, mtafute ukurasa wa saini. Mtaona jina la kampuni iliyoitoa. Kama ukurasa huo haupo, si lazima awe mwizi, kwa kuwa waandishi wengi wadogo hawana uwezo wa kulipia saini. Lakini programu ikijiita ya kampuni kubwa duniani huku haina saini ya kampuni hiyo, mfungieni mlango.

Kipo na kipimo kikali zaidi, nacho ni alama ya kidole. Kuna hesabu iitwayo SHA-256. Hulimeza faili zima, liwe dogo au kubwa, na kutoa mstari mmoja wa tarakimu na herufi 64. Badilisha nukta moja tu ndani ya faili, mstari wote unageuka. Waandishi makini huchapisha alama ya programu yao. Nanyi kwenye Windows mnafungua dirisha la amri, mnaandika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, halafu mnalinganisha. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, futeni. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya mfumo wa kompyuta wa Linux Mint, wakageuza njia ili wanaopakua wapelekwe kwenye nakala iliyowekwa mlango wa nyuma. Aliyelinganisha alama ya faili lake na ile halali aliona tofauti papo hapo. Aliyekuwa na haraka alijisakinishia mdukuzi ndani ya mfumo mzima.

Mkitaka mashahidi zaidi, pelekeni faili VirusTotal, huduma iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Faili lenu litapimwa na antivirasi takribani 70 kwa mpigo. Zikipiga kelele nyingi, na zile zenye majina makubwa zikiwemo, msitafute kisingizio. Ikilia moja ambayo hata jina lake hamjawahi kulisikia, huenda ni mbwa anayebwekea kivuli. Subirini siku mbili tatu, mpime tena. Na ikija sifuri, hiyo si hati ya uadilifu. Ni kwamba hakuna shahidi aliyewahi kumwona mgeni huyu akiiba. Mwizi mpya naye hana rekodi polisi. Angalizo moja: mnachokipandisha pale wengine wanaweza kukiona, kwa hiyo msipandishe mikataba, vyeti wala hesabu za watu.

Sasa mgeni yuko mlangoni, anaingia. Wengi wenu hapa mnabonyeza "endelea, endelea, endelea" kama mtu anayefukuza nzi. Punguzeni mwendo. Katikati ya kurasa zile ndimo hufichwa visanduku vilivyokwisha kuwekewa tiki: kubali na hiki kivinjari, kubali na hii zana ya kutafutia, kubali na hiki cha "kuharakisha" kompyuta. Chagueni njia ya kujipangia wenyewe, mtoe tiki zote msizozielewa. Windows ikileta lile dirisha la kuuliza kama mnairuhusu programu kufanya mabadiliko, someni jina la mtoaji. Dirisha la buluu lina mtoaji aliyethibitishwa. La njano linakwambieni hajulikani. Na jiulizeni kwa nini kikokotoo, au programu ya kubadilisha rangi ya picha, inaomba funguo za nyumba nzima.

Kwa sababu hii hii, msifanye kazi zenu za kila siku kwa akaunti yenye mamlaka yote. Fungueni akaunti ya kawaida, ile ya msimamizi iwe ya siku maalumu. Nyumba ambayo kila mtoto ana ufunguo wa sanduku la fedha haihitaji mwizi wa kutoka mbali.

Ameshaingia. Wengi hapa hukunja jamvi. Mimi nasema hapa ndipo macho yafunguke, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako.

Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kuonesha nani anafanya nini ndani ya kompyuta. Nendeni penye orodha ya wanaoamka pamoja na mashine. Programu ya kuunganisha PDF ina dharura gani ya kuamka alfajiri kabla ya mwenye nyumba? Mkitaka kuona kwa undani, Microsoft wanatoa bure zana iitwayo Autoruns, ambayo huanika kila kona ambako programu hujificha ili iamke yenyewe. Tazameni viongezo vya kivinjari: kama kimezaliwa kimoja ambacho hamkukizaa, ondoeni. Tazameni bando. Kompyuta iliyokuwa ikila kidogo, tangu juzi bando linayeyuka hata usiku mkiwa mmelala. Kuna mtu anapakia mizigo. Sikilizeni na feni: ikivuma kwa nguvu ilhali hamjafungua kitu, ulizeni nani anatumia nguvu zile, maana wapo wanaoingia ili wachimbe sarafu za kidijitali kwa umeme wenu.

Kisha nendeni mahali ambapo fundi wangu alinionesha, na mimi sikuwa nimewahi kupafikia. Ndani ya Windows Security, kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, kuna orodha iitwayo Exclusions. Ni orodha ya folda ambazo mlinzi ameamriwa asizikague. Kwenye kompyuta yangu palikuwa na diski C yote. Mgeni alikuwa hakuridhika na kufungiwa mbwa siku moja. Alimwandikia barua ya kumwamuru asibweke milele. Kompyuta ilisema "uko salama", rangi ya kijani, tiki nyeupe, wakati haikagui chochote. Kama hamkuweka kitu katika orodha ile, inapaswa kuwa tupu. Ikagueni. Na mkitilia shaka, iambieni Windows ifanye ukaguzi wa nje ya mfumo; itajizima, itajikagua kwa kama robo saa kabla wageni hawajaamka, kisha itarudi.

Mtasema, "Babu, haya ni mambo ya wataalamu." Sikilizeni kisa cha Machi 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa akipima kasi ya programu nyingine kabisa. Akaona kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengine tungesema mtandao mbovu. Yeye hakuiacha. Akafuatilia mpaka akakuta kwamba ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo ya Linux duniani kote, kumewekwa mlango wa nyuma. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akichangia kazi njema katika mradi ule, mpaka akakabidhiwa funguo. Miaka miwili ya jembe! Freund ni mtaalamu, sikatai. Lakini kilichoanza kumshika hakikuwa utaalamu. Alijua kompyuta yake ikiwa nzima hupumua vipi, kama mfugaji anavyojua kwato za ng'ombe wake gizani. Hilo mnaliweza. Ijueni mashine yenu ikiwa na afya, ndipo mtaijua ikiugua.

Sasa nikupeni neno chungu, nisije nikawadanganya kwa kunyamaza. Mnaweza kufanya haya yote na bado mkaumia. Mwaka 2017 programu ya kusafishia kompyuta iitwayo CCleaner ilitolewa na wenyewe, kwenye tovuti yao wenyewe, ikiwa na saini yao halali, na ndani yake wadukuzi walikuwa wametia sumu. Ilikaa hivyo karibu mwezi mzima, kompyuta milioni 2.27 zikaipokea. Mwaka huohuo, tarehe 27 Juni, sasisho la M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, lilibeba kirusi haribifu kilichokuja kuitwa NotPetya. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake mnayaona Dar es Salaam na Mombasa, ilibidi iweke upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Seva zao zinazotunza orodha ya watumiaji zilifutika dunia nzima, isipokuwa moja: ya ofisi ya Ghana. Iliponaje? Umeme ulikuwa umekatika, mashine ikawa imezimika. Diski yake ilitakiwa Uingereza, na kwa kuwa hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya huko, mmoja wao alisafiri hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski ile uwanja wa ndege, naye akaipeleka Uingereza. Kampuni ya mabilioni iliokolewa na kukatika kwa umeme, ambako sisi hukulaani kila siku.

Msije mkatoa fundisho lisilokuwamo, mkasema basi hatusasishi tena. Mwezi uliotangulia alikuwa amepita mwizi mwingine aitwaye WannaCry, naye aliwala hasa wale ambao hawakusasisha, ingawa Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa tangu Machi. Kusasisha ni lazima. Fundisho la Ghana ni kwamba kilichochomolewa hakifikiwi. Nakala za kazi zenu, tasnifu, picha za harusi ya mama, hesabu za kikundi, ziwekeni kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni, ikae kabatini. Nakala iliyoachwa imechomekwa ni mtoto aliyelala chumba kimoja na mgeni.

Suala la kraki nimeliweka karibu na mwisho kwa makusudi, kwa kuwa najua mtanijibu kwa umaskini, na umaskini ni hoja. Mkimpelekea fundi kompyuta apige windo, yaani aweke Windows upya, anawarudishia na programu 20 za nyongeza, zote za maelfu ya dola, kwa bei ya sahani mbili za wali. Mnashukuru. Lakini jiulizeni aliyevunja kufuli la programu ya watu, akakesha, kisha akawapeni bure, anakula nini. Watu hawavunji makufuli kwa ajili ya thawabu. Bei iko, hailipwi dukani, hulipwa kwa nywila zenu.

Na hamjafungiwa njia. LibreOffice huandika barua na kupiga hesabu. GIMP huhariri picha, Inkscape huchora, Audacity hukata sauti, VLC hucheza karibu kila video, 7-Zip hufungua karibu kila kifurushi. Zote ni bure kwa halali, na wenyewe wanataka mzichukue. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili safi, miaka ambayo wengi wenu mlikuwa bado mnatambaa. Walioifanya kazi ile walijua kwamba asiye na dola bado ana haki ya kuandika barua bila kuwa mwizi na bila kuibiwa.

Ikitokea mmeshachelewa, fanyeni kwa mpangilio huu. Kateni mtandao kwanza, kabla ya kulia. Chukueni kifaa kingine, simu au kompyuta ya ndugu, mbadilishe nywila, mkianza na ya barua pepe, maana huyo ndiye mama wa zote. Nyingine zote hurejeshwa kupitia kwake. Toeni vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zenu, wekeni uthibitisho wa hatua mbili. Wapigieni benki. Kufuta programu hakutoshi, kwa kuwa mgeni alishaacha ndugu zake darini. Hifadhini nyaraka zenu, kisha pigeni windo upya kutoka kwa Microsoft wenyewe. Mwisho, semeni. Waambieni watu kwamba ujumbe utakaotoka kwenu si wenu. Mimi nilikaa siku mbili nikiona aibu, na ni katika siku hizo mbili ndipo wenzangu wawili walipotuma fedha. Aibu yangu ilikuwa mshirika wa mwizi.

Fedha zile nilizirudisha, kwa pensheni, kwa awamu tano. Hakuna aliyenidai, nilizirudisha kwa sababu mlango ulikuwa wangu.

Leo kompyuta yangu ina programu 14. Pembeni yake nina daftari la karatasi, la mistari, nililonunua kwa ajili hiyo: jina la programu, tarehe niliyoiweka, nilikoipakua, na kazi niliyoitakia. Isiyotumika miezi sita naifuta. Jioni ya leo, kabla hujalala, fungua orodha ya programu zilizomo kwenye mashine yako, uzisome moja moja kwa sauti, na kwa kila moja useme ilikotoka. Utakapofika kwenye ile usiyoweza kuisemea, simama hapo. Huyo ndiye mgeni wako.